Ukingo Unaochemka

Kibondo,
Jumatatu, 3 Juni 2024

Mzee Longinus, shikamoo.

Mimi ni Careen, mtoto wa pili wa marehemu Tharsisi Niyomwungere, uliyefanya naye kazi maabara pale shuleni. Tulionana msibani Munanila mwezi wa pili. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwanawisha wageni mikono. Kwa sasa niko Kibondo, karani wa masjala, na kazi yangu ni mafaili na tarehe.

Nimesoma rasimu ya kitabu cha miaka sitini ya shule, iliyotumwa kwenye kundi letu la waliosoma hapo. Ukurasa wa 41 umeandikwa hivi: "Upimaji wa jua ulioanzishwa na mtawa wa misheni, Frera Anselmi, ulisimama mwaka 1997, baada ya kugundulika kwamba msaidizi mmoja, Tharsisi Niyomwungere, alikuwa akibuni vipimo."

Mzee, baba alirudi Munanila mwaka ule akalima maharage mpaka anakufa. Hakutuambia kwa nini aliacha kazi. Nimejua kwenye simu, nikiwa nakunywa chai na wenzangu ofisini.

Frera amefariki, baba amefariki, umebaki wewe peke yako. Tena nasikia wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya kitabu. Naomba uniandikie unachokumbuka na, kama inawezekana, mstari ule uondolewe kabla kitabu hakijakwenda kuchapwa tarehe 30 Agosti. Jina langu la pili ni Tharsisi. Kazini nalisaini zaidi ya mara arobaini kwa siku.

Nimeona jambo hili si la simu. Bahasha nampa Nickson, kondakta wa basi la asubuhi la Kasulu. Ukinijibu, mpe yeye.

Mwanao,
Careen Tharsisi


Kasulu,
10 Juni 2024

Mwanangu Careen,

Marahaba, na pole tena kwa msiba. Nakukumbuka. Umefanya vizuri kuandika kwa mkono. Mimi nimeandika shajara tangu kidato cha pili, kila siku na tarehe yake, na sijawahi kuiamini simu kunitunzia kitu.

Acha nikueleze kazi yenyewe, maana vijana wa kamati hawaielewi. Tulikuwa na darubini mbili ndogo. Huchungulii jua, utapofuka. Unaliacha lipite kwenye darubini liangukie karatasi nyeupe kivulini, upate duara la mwanga lenye ukubwa wa sahani ya chai. Kwenye karatasi umepiga mstari wa penseli. Darubini imefungwa haitikisiki, kwa hiyo duara linatembea lenyewe kwa sababu dunia inazunguka. Ukingo wake wa mbele ukigusa mstari unabonyeza stopwochi. Ukingo wa nyuma ukiuacha mstari unabonyeza tena. Muda huo, dakika mbili na sekunde kadhaa kufuatana na mwezi, ndio unaokupa upana wa jua. Frera alikuwa akipeleka namba zetu Ulaya, ambako watu walitaka kujua kama jua linabaki na upana uleule mwaka hata mwaka.

Sasa, jua haliruki. Likipimwa mara kumi saa ileile, namba kumi zinatakiwa ziwe ndugu. Zangu za mchana zilipishana kwa sehemu mbili kati ya kumi za sekunde. Za baba yako zilipishana kwa sekunde moja na nusu! Tena pembeni ya namba zake za mchana alichora kimstari kilichojipinda, kama mdudu. Frera alimuuliza maana yake, akajibu, "Ndivyo lilivyokuwa." Basi. Frera akaamua mwenyewe kumwachisha kazi.

Ukurasa wa 41 niliuandika mimi. Sikuuandika kwa chuki. Tharsisi tulikula naye sahani moja miaka sita, na waliponong'ona "Mrundi yule" mimi nilikuwa nawakemea. Lakini namba ni namba. Nikiufuta mstari ule nitakuwa nimebuni na mimi.

Msalimie mama yako Esteri.

Longinus Venanti


Kasulu,
4 Julai 2024

Mwanangu Careen,

Umenyamaza wiki tatu na siku tatu. Nickson ananiambia barua yangu uliifungua palepale stendi, ukaisoma umesimama, ukairudia, kisha ukaondoka bila kumuaga, mpaka akauliza, "Mzee, umemwandikia nini dada wa watu?"

Nimeisoma tena nakala yangu. Labda neno "mdudu" lilikuwa kali. Kama ni hilo, nisamehe.

Mke wangu Dorcas anasema nimekujibu kama hakimu, wakati wewe uliniandikia kama mtoto. Mimi najua kuandika kwa namna hiyo tu. Nijibu hata mstari mmoja.

Longinus Venanti


Kibondo,
Jumatatu, 8 Julai 2024

Mzee wangu, shikamoo.

Nisamehe wewe. Nilikwenda Munanila kwa mama. Kulikuwa na kitu kwenye sanduku la bati la baba nilichotaka kukitazama mara ya pili. Nilikitazama nikakirudisha mahali pake.

Humo sandukuni kuna pia madaftari yake tisa na darubini aliyoinunua shule ilipouza vifaa chakavu. Mama anasema kila kiangazi aliitoa akaipangusa, akairudisha. "Nikimwambia pima basi, ananijibu, Esteri, nimpimie nani?"

Nimeileta Kibondo pamoja na madaftari. Sijawahi kupima jua, lakini barua yako imeeleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa fizikia. Nina ombi. Jumamosi hii, tarehe 13, tupime sote wawili, wewe Kasulu na mimi Kibondo. Saa tatu asubuhi mara kumi, saa nane mchana mara kumi. Tuandike kwa wino, tusifute. Halafu tubadilishane karatasi.

Kama namba zangu za mchana zitakuwa ndugu, sitakuomba tena kuhusu ukurasa wa 41. Nitanunua kitabu kama wengine.

Careen Tharsisi


Kasulu,
16 Julai 2024

Mwanangu,

Tangu nistaafu sijapata wiki nzuri kama hii! Nimeazima darubini ya shule, nimeisafisha lenzi kwa khanga kuukuu ya Dorcas, nimeifunga kwenye meza ya baraza ya nyuma, palepale karibu na jiko la nje. Dorcas alisimama mlangoni mikono kiunoni: "Mzee, unalipima jua kiuno na mabega, unataka kulishonea suti?" Nikamwambia anyamaze, ukingo unakaribia mstari.

Karatasi yangu ni hii. Saa tatu asubuhi, dakika mbili na sekunde 15.5, 15.7, 15.6, 15.4, 15.7, na tano nyingine za namna hiyo. Saa nane mchana, dakika mbili na sekunde 16.1, 16.1, 16.2, 16.0, 16.1, na tano nyingine humohumo.

Unaona jinsi zilivyotulia? Nina miaka sabini na moja, na mkono bado ni uleule. Kwa nini mchana umezidi asubuhi kwa nusu sekunde sijui, labda jua lilikuwa limepanda juu zaidi. Leta zako.

Longinus Venanti


Kibondo,
Ijumaa, 19 Julai 2024

Mzee wangu, shikamoo.

Nilipimia nyuma ya ofisi, kwa sababu Jumamosi hakuna mtu. Herieth, tunayekaa naye chumba kimoja, alikuja kuchukua mwavuli wake akakaa mpaka mwisho. "Enhe, dada, jua limenenepa au limekonda?" Nikampa daftari awe mwandishi.

Asubuhi: kati ya sekunde 15.4 na 15.8. Wastani dakika mbili na sekunde 15.6. Tumefanana.

Mchana naziandika zote: 14.9, 16.3, 15.2, 16.1, 15.5, 15.9, 14.8, 16.4, 15.4, 15.5.

Zinaruka, Mzee. Nilitaka kuzitupa nianze upya, nikakumbuka tulikubaliana wino. Ndipo nikaacha kuangalia saa nikaliangalia duara lenyewe. Asubuhi ukingo wake ulikuwa mkali kama umekatwa kwa wembe. Mchana ulikuwa unachemka. Vijiwimbi vilikuwa vinakimbia kuuzunguka. Unavimba hapa, unanywea pale, unagusa mstari, unarudi, unaugusa tena. Mguso upi ni mguso? Nikibonyeza kwenye wimbi la kwanza napata muda mrefu, wimbi likinywea napata mfupi.

Herieth akasema, "Si kama pale juu ya bati mchana, vitu vinapocheza?" Tukageuka. Upande jua liliko kuna bohari, na paa lake la bati lilikuwa linatoa mvuke wa joto. Nimewaza hivi: hewa ya moto inapanda, ya baridi inashuka, na kila fundo la hewa linaupinda mwanga kidogo, huku na huku. Jua lenyewe limetulia. Tunalitazama kupitia kitu kisichotulia.

Halafu nikajumlisha zile kumi nikagawanya. Wastani wa mchana: dakika mbili na sekunde 15.6. Sawasawa na asubuhi. Kila moja imekosea kwa upande wake, lakini zote kwa pamoja zimesema kweli.

Na kimstari kile kama mdudu, Mzee, nimekijua. Baba alikuwa anauchora ukingo alivyouona.

Kuhusu zako za mchana sitasema kitu. Naomba jambo moja tu: pima tena, lakini stopwochi aishike Mama Dorcas. Wewe kaa kwenye karatasi useme "sasa" ukingo ukigusa, na "sasa" ukiacha. Yeye abonyeze, aandike, asikusomee mpaka zitimie kumi.

Careen Tharsisi


Kasulu,
24 Julai 2024

Careen,

Barua yako nimeipata. Nilikuwa napima jua wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Mkono ulioniandikia zile namba kumi ni mkono wa baba yako, na macho ni ya baba yako. Bati lipo hata kwangu, mbele ya baraza, jiko zima limeezekwa bati, na namba zangu zilitulia.

Kunipa mke wangu awe msimamizi wangu kwa umri huu! Dorcas hajui hata kuweka saa ya ukutani.

Rasimu itakwenda ilivyo. Kamati ina kazi nyingine.

L. Venanti


Kasulu,
Jumatatu, 12 Agosti 2024

Mwanangu Careen,

Niliapa sitapima. Jumamosi ya tarehe 10 Dorcas mwenyewe alikuja na stopwochi imening'inia shingoni. Barua yako alikuwa ameisoma, maana huwa naziacha mezani. Akasema, "Kama unajiamini unaogopa nini? Kaa hapo useme sasa."

Nikakaa. Saa nane mchana. Nikasema sasa, nikasema sasa, mara kumi. Yeye anaandika amenipa mgongo, na kila akimaliza anaguna. Nikamuuliza, "Unaguna nini?" Akajibu, "Tuliambiwa nisikusomee."

Aliponipa karatasi ilikuwa hivi: dakika mbili na sekunde 10.3, 11.7, 10.8, 11.9, 10.4, 11.5, 10.2, 11.1, 11.6, 10.5.

Zinaruka kama za Tharsisi. Nilimgeukia Dorcas nikataka kusema amekosea kubonyeza, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nilikuwa nimeutazama ukingo ule mara kumi bila saa ya kunishughulisha, na ulikuwa unachemka. Tena nilijua kwamba tarehe 13 Julai nao ulichemka. Niliuona, nikasubiri, nikabonyeza. Saa ikaonyesha 16.1. Ya pili ikaonyesha 15.0. Nikajiambia mkono umeteleza, nikaandika 16.1. Ya tatu sikuitazama vizuri. Unaona, sikukusudia kukudanganya. Nilikuwa nazisaidia namba zielewane.

Nilikwenda kwenye shajara zangu. Ya 1997 panya wameila pembeni, lakini tarehe 17 Julai inasomeka: "Mchana nimepima moja sawasawa, nyingine nimejaza. Jua ni lilelile, halina haja ya kusumbuliwa mara kumi." Ni mwandiko wangu, kwa wino wangu. Nimeishi na daftari hilo miaka ishirini na saba bila kulifungua kwenye ukurasa huo.

Nikazitafuta namba tulizopeleka Ulaya, nakala iko maabara. Nikazijumlisha za baba yako za mchana, nikazigawanya. Zimeangukia palepale zilipo za asubuhi. Zangu nadhifu ziko mbali kwa nusu sekunde, siku baada ya siku. Fujo yake ilikuwa na ukweli ndani. Unadhifu wangu haukuwa nao.

Kuna jingine, na hili hulijui. Niliandika kwamba Frera aliamua mwenyewe. Si kweli. Alikuja siku moja na madaftari mawili, akashangaa, akauliza kwa nini hayafanani. Niliogopa. Nikijua kabisa kwamba nimejaza, nilimwandikia kikaratasi nikakiweka mezani kwake. Nilisema Tharsisi anabuni. Sikutia sahihi. Frera aliniamini upesi mno, na mimi najua kwa nini aliniamini mimi: nilikuwa mtu wa hapa na mwenzangu alikuwa amekimbilia huku kutoka Burundi na ndoo na godoro mwaka 1972. Nilimwacha aamini hivyo. Na kuwakemea walionong'ona, nilikokusimulia, nilianza baada ya yeye kuondoka.

Leo asubuhi nimempelekea Saady, katibu wa kamati, ukurasa wa 41 mpya. Akausoma, akavua miwani. "Mzee, hii tunaweza kuilainisha. Tuseme palitokea kutoelewana." Nikamwambia kulainisha ndiko kulikotuharibia kazi tangu mwanzo. Akasema, "Lakini wewe ni mwenyekiti!" Nikamwambia tangu sasa si mwenyekiti, na hilo pia aliandike.

Ukurasa unasema hivi: "Upimaji wa jua ulisimama mwaka 1997 baada ya Tharsisi Niyomwungere kushutumiwa kubuni vipimo. Vipimo vyake vilikuwa vya kweli: viliruka kwa sababu hewa ya mchana ilikuwa inaruka, naye aliandika alichokiona. Vilivyobuniwa ni vya msaidizi mwenzake, Longinus Venanti, ambaye pia ndiye aliyemshutumu, na ndiye aliyeandika ukurasa huu."

Sikuombi kitu. Nimeona uyasikie kutoka kwangu kabla hujayakuta kwenye simu.

Longinus Venanti


Kibondo,
Jumapili, 18 Agosti 2024

Mzee Longinus, shikamoo.

Niliipokea Jumanne. Safari hii sikuifungua stendi. Nickson alitania, "Leo husomi hapahapa?" nikamwambia leo nina haraka. Sikuwa na haraka.

Na mimi kuna jambo sikukwambia. Kikaratasi chako ninacho. Frera alimpa baba siku aliyomfukuza, naye akakitunza ndani ya daftari la tisa. Nilikiona baada ya msiba, sikujua ni cha nani wala kinahusu nini. Barua yangu ya kwanza nilikuandikia kwa nia njema kabisa, kwa rafiki wa baba. Jibu lako lilipofika stendi, nilitambua mwandiko kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Kazi yangu ni mafaili, Mzee. Mwandiko naujua kama wengine wanavyojua sauti. T yako ina mkato mrefu na inaegemea nyuma. Ndiyo maana nilinyamaza, na ndiyo maana nilirudi Munanila kukitazama tena.

Mama alitaka nikupeleke kwenye kamati, nikisome mbele ya watu. Alisema, "Yewe, mtoto, ushahidi si huo mkononi?" Lakini niliwaza kwamba ungesema mwandiko umeigwa, wangekuamini, na baba angeitwa mwongo mara ya pili. Zaidi ya hapo nilitaka kujua mwenyewe. Kulikuwa na siku nilidhani labda kweli alibuni. Nakiri hilo kwako kwa sababu wewe utanielewa. Nilipouona ukingo unachemka tarehe 13, nilikaa chini kwenye majani, Herieth akadhani nimeugua.

Nilimsomea mama ukurasa mpya kwa simu, mara mbili. Akauliza kama wameandika Niyomwungere yote, bila kuikata. Nikamwambia yote. Akasema basi anakwenda kuanika mihogo.

Kikaratasi nimekiweka humu ndani ya bahasha. Sikukipiga picha wala sikubaki na nakala. Ni chako, ulikiandika wewe. Kiweke kwenye shajara ya 1997, mahali pake.

Kukusamehe bado sijafika. Nikifika nitakuandikia, na tarehe nitaiweka.

Mpaka wakati huo, mwezi ujao jua litakuwa linapita juu yetu wima na muda wake utashuka mpaka karibu dakika mbili na sekunde nane. Baba hakuwahi kuupima mwezi wa tisa wa 1997, ukurasa umebaki mtupu, na mistari ameshaichora. Nimepanga kuujaza. Kibondo nitapima mimi, Herieth ashike saa. Kama Mama Dorcas ana nafasi Jumamosi ya tarehe 14, saa nane mchana, ukae kwenye karatasi.

Safu ya pili ya ukurasa huo ina jina lako juu yake. Aliliandika yeye.

Careen Tharsisi